Kusimama tena: historia fupi ya kupima msawazo baada ya kiharusi

Sisi tunaoandika programu tukisikia neno "kipimo" tunafikiria vihisi, waya na grafu. Leo, msomaji, nataka tuangalie kipimo kilichofanya kazi kubwa bila hata kimoja kati ya hivyo, na yale yaliyofuata pale ubao wa mchezo wa runinga ulipoingia katika vyumba vya fiziotherapia.

Kwanza tatizo lenyewe. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo ndani. Mara nyingi upande mmoja wa mwili hulegea. Mgonjwa akianza kusimama tena huelemea mguu mzima na kuuogopa ule mwingine, na huenda asijue kwamba anafanya hivyo. Anayemhudumia anaona mwili umepinda, lakini je, umepinda kidogo kuliko wiki iliyopita? Jicho halihifadhi namba. Na pasipo namba ni vigumu kusema kama zoezi linasaidia, au kama mzee huyu anaweza kwenda msalani usiku peke yake bila kuanguka na kuvunja nyonga.

Zamani madaktari walikuwa wakitazama tu. Moritz Romberg wa Berlin, katika kitabu chake cha magonjwa ya neva kilichotoka miaka ya 1840, alieleza wagonjwa waliosimama miguu pamoja bila shida, lakini walipofumba macho wakaanza kuyumba. Hao hawakuwa na kiharusi, uti wao wa mgongo ndio ulioharibika. Jaribio lake hata hivyo linatumika hadi leo. Kasoro yake ni kwamba jibu ni ndiyo au la, yaani biti moja tu!

Mwaka 1975 Axel Fugl-Meyer na wenzake huko Sweden walichapisha kipimo cha jumla cha nafuu baada ya kiharusi, na ndani yake sehemu ya msawazo ilikuwa na alama 14. Lakini kipimo ninachokipenda mimi ni cha Katherine Berg, mtaalamu wa fiziotherapia wa Montreal, Kanada, kilichochapishwa mwaka 1989. Alikitengeneza kwa ajili ya wazee, akiwashirikisha wagonjwa wenyewe na wahudumu wa afya, kisha kikaenea kwa waliopata kiharusi. Kina kazi 14: inuka kitini, simama dakika 2 bila kushika kitu, fumba macho kwa sekunde 10, nyosha mkono mbele uwezavyo, okota kitu sakafuni, geuka duara zima, simama kwa mguu mmoja, na kadhalika. Kila kazi hupewa alama 0 hadi 4, jumla 56. Vifaa ni kiti, rula, kibago cha kukanyagia na saa yenye mshale wa sekunde. Mimi naiona kama itifaki iliyoandikwa vizuri: kila alama ina sharti lake, kwa hiyo wapimaji wawili tofauti hufika karibu na jibu lile lile.

Ila ina mapungufu mawili. Mgonjwa aliyepata nafuu nyingi hufika 56, na baada ya hapo kipimo hakioni tena maendeleo yake. Pili, hakisemi ni mguu upi unaobeba uzito.

Hilo la pili lilikuwa kazi ya mabamba ya kupimia nguvu. Kampuni ya Kistler ya Uswisi ilianza kuyauza mwaka 1969, na mwaka 1984 Lewis Nashner alianzisha NeuroCom huko Oregon, Marekani, iliyounda mashine za kupima msawazo hospitalini. Mashine nzuri, lakini bei yake ilikuwa ya maabara, maelfu mengi ya dola.

Halafu Desemba 2007 Nintendo ikatoa Wii Fit nchini Japani, pamoja na ubao wa kusimamia. Ndani yake mna vihisi vinne vya uzito, kimoja kila pembe, na Bluetooth. Huko Marekani uliuzwa kwa dola zisizofika 100. Wapenzi wa programu huria waliuchambua upesi: kila kihisi kina namba za usahihisho zilizohifadhiwa ndani ya ubao, za kilo 0, 17 na 34. Ukishazisoma, hesabu ni ya darasani. Jumlisha vihisi viwili vya kulia, toa viwili vya kushoto, gawa kwa jumla ya vyote. Sasa unajua mgonjwa ameelemea wapi, na unaweza kumwonyesha nukta kwenye skrini ikihama anapohama yeye.

Mwaka 2010 Ross Clark na wenzake huko Australia walichapisha matokeo ya kuulinganisha na bamba la maabara, na wakaukuta unaaminika kwa kupima msawazo wa kusimama. Mwaka 2011 watafiti wa Valencia, Hispania, walieleza mfumo wao, eBaViR. Hawakutumia michezo ya Nintendo, na nadhani walifanya vyema, kwani ile ilitungwa kwa watu wazima wa afya. Wao waliandika yao, ambayo mtaalamu huweza kuirekebisha kulingana na uwezo wa kila mgonjwa. Wagonjwa 17 wenye majeraha ya ubongo walipata vipindi 20 vya saa moja. Waliotumia mfumo huo waliboresha msawazo wa kusimama kuliko waliopata tiba ya kawaida. Kundi dogo, ndiyo. Na nafuu ilipimwa kwa nini? Kwa kipimo cha Berg, kile cha kiti na rula.

Ubao wenyewe haukudumu. Nintendo ilisitisha utengenezaji wa Wii kwa soko la Japani mwaka 2013, na Wii U iliyoutumia pia ikafuata mwaka 2017. Aliyejenga kliniki yake juu ya ubao huo sasa anatafuta mitumba.

Ukitaka kuandika programu ya namna hii kwa vihisi vipya, hifadhi data ghafi katika faili la maandishi, na andika muda wa kila sampuli, maana ubao wa Wii haukuzituma kwa vipindi sawa na wengi walihesabu vibaya kasi ya kuyumba. Kisha weka nafasi ya kujaza alama za Berg kando ya grafu.