Mti wa beyo hatarini West Nile

Beyo, mti wa mbao ngumu unaokua polepole katika misitu ya nyika ya Arua, Koboko na wilaya jirani, ni jamaa wa karibu wa mbambakofi wa pwani. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku kuukata na kuusafirisha mwaka 2018. Mwaka 2023 ikapiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Lakini marufuku haiondoi haja ya kuni: katika makazi ya Rhino Camp, wakimbizi wa Sudan Kusini na wenyeji hutegemea miti ileile.

Pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wenye mbambakofi, wanakijiji hufuga vipepeo vya kuuzwa ng'ambo tangu mwaka 1993. West Nile, njia inayokaribiana na hiyo ni asali, kwa kuwa nyuki huhitaji miti iliyo hai.