Abakosti, karavati na chale: kanuni ya mavazi inampima nani?

Ukiingia katika nyumba za wazee wetu hapa Nyantende, ama kule Bukavu kwa wale waliofanya kazi ya leta, mara nyingi utaona picha moja ukutani. Baba amesimama wima, koti limefungwa vifungo mpaka karibu na shingo, karavati hakuna. Vijana wanacheka, wanasema mzee alipenda mtindo. Hawajui kwamba lile koti lilikuwa sharti la kazi.

Nchi ilipewa jina la Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, na mwaka uliofuata siasa ya Mobutu ya kurudia uasili ikaingia mpaka ndani ya kabati za watu. Kostimi ya kizungu na karavati vikakatazwa. Mwanaume avae abakosti, jina lililotoka katika Kifaransa « à bas le costume », yaani kostimi ianguke. Mwanamke avae vikwembe na libaya. Patalo na nywele za bandia, hapana. Hata « monsieur » na « madame » vikaondolewa, wote tukawa « citoyen » na « citoyenne ».

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Siasa ile ilikuwa na kidonda nyuma yake. Wakati wa Wabelgiji, Mwafrika aliyesoma alitafuta cheti cha kuonyesha kwamba amestaarabika. Kwa amri ya 1952, aliyetaka kuandikishwa kati ya watu wa namna hiyo alipimwa mpaka nyumbani kwake: tume inakuja, inatazama sebule, inatazama choo, inauliza kama mama na watoto wanakula mezani pamoja na baba, kwa kisu na uma. Patrice Lumumba mwenyewe, karani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa mara ya kwanza, alikipata 1954. Mpaka mwaka 1958 waliokubaliwa walikuwa 217 tu, katika nchi ya watu karibu milioni 13. Karavati ilikuwa sehemu ya mtihani ule. Basi aliyepimwa hivyo, kusikia sasa imetupwa, alipumua.

Shida ni kwamba leta ilichukua kipimo kile kile cha Mbelgiji, ikakigeuza upande tu. Mtu aliendelea kutazamwa nguo kabla ya kutazamwa kazi.

Na hakikuwapima wote sawasawa. Abakosti nzuri za wakubwa zilishonwa na kampuni ya Arzoni, kule Zellik, pembeni ya Bruxelles. Ndiyo, Ubelgiji! Uasili wetu ulikuwa unafika kwa ndege. Sasa mwalimu wa kijijini angefanya nini? Mwisho wa 1974 serikali ilichukua shule za dini. Mwaka 1977 ikarudisha usimamizi kwa makanisa, lakini mshahara ulibaki wa leta, na pesa ya zaire ilizidi kushuka. Mwalimu alikuwa na koti moja. Linafuliwa Jumamosi, linavaliwa Jumatatu, mpaka kwenye viwiko linang'aa. Mkubwa akibadilisha kila siku anaitwa mzalendo. Mwalimu akivaa shati tu, anaulizwa kama yeye si citoyen.

Mambo haya hayakuwa ya Zaire peke yake. Kule Dar es Salaam, vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Uganda, Idi Amin alikataza sketi fupi mwaka 1972. Mara nyingi mkono wa kanuni unaanza na msichana anayepita barabarani.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba ile ile akaruhusu karavati. Yeye mwenyewe, alisema, hatutamuona nayo. Lakini Mei 1997, askari wa AFDL walipoingia Kinshasa, wasichana waliovaa patalo za kubana na sketi fupi walipigwa njiani. Kanuni hiyo iliandikwa wapi? Hakuna aliyeonyeshwa karatasi.

Sisi hatukatai kanuni ya mavazi. Muganga avae koti jeupe, mpishi afunge nywele, mlinzi ajulikane kwa yuniforme. Tunachouliza ni kama imeandikwa, kama mtu aliisoma siku ya kuanza kazi, na kama inamfikia pia mwana wa shefu. Sheria ya Kazi namba 015/2002, ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inasema mfanyakazi haachishwi bila sababu ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake mahali pa kazi, ama mahitaji ya kazi yenyewe. Ngozi yenye alama inaingia wapi hapo?

Tunauliza kwa sababu ya binti mmoja wa kwetu. Alipata kazi katika biro moja mjini. Ana tatuaji ndogo kwenye kiganja, ua tu. Wiki ya pili akaambiwa arudi nyumbani, eti wateja wataogopa. Dereva wa biro ile ile ana simba mzima kwenye mkono, naye haambiwi kitu. Mama anayefagia ana chale usoni, zile za wazee, na kwake wanasema ni mila.

Hapo tukashindana wenyewe katika mkutano wetu. Wengine wetu, wanaosifu chale za mama Waluba na Wakuba zilizochongwa kwenye sanamu mpaka Wazungu wakazipeleka makumbusho ya Tervuren, ndio walisema kwa sauti kubwa kwamba ua la binti ni uhuni. Mzee mmoja akawauliza tofauti ni sindano ama ni umri. Hakujibiwa.

Binti alirudi biro na mjomba wake, wakaomba kuona kanuni ya nyumba. Ilitafutwa muda mrefu. Ilikutwa nyuma ya kabati, kurasa tatu: saa za kuingia, likizo, funguo za gari. Jumatatu alianza tena kazi, akiwa na shati la mikono mirefu alilonunua mwenyewe. Dereva bado anakunja mikono.