Uzi: Chakula cha shule ni cha bure, lakini nani anakipata?

1/ Kampeni zikinukia, hakosi mtu wa kuahidi chakula cha bure shuleni, na mwingine wa kumuuliza pesa itatoka wapi. Swali moja huachwa: mtoto wa maskini ataifikiaje hiyo sahani? Historia yetu iko na majibu. Twende polepole.

2/ 1979: Maziwa ya Nyayo. Pakiti ya mililita 200 kwa mtoto wa shule ya msingi, awe wa tajiri au wa maskini. Wakubwa mnakumbuka zile pakiti za pembe tatu. Hakukuwa na fomu ya kujaza, kwa hivyo hakuna aliyeaibika. Lakini bili ilikuwa nzito. Kufikia mwisho wa miaka ya 90, maziwa yalikuwa yamekauka.

3/ 1980: serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) wakaanza kupika chakula cha mchana katika shule za maeneo kame. Hapa kilichoamua ni ramani. Mtoto mwenye njaa kwenye eneo la mvua nyingi hakuhesabiwa.

4/ Mimi nilisoma kwenye shule ya aina hiyo, pande za Mwingi. Mahindi yalikuja bure, mafuta pia. Kuni, maji na malipo ya mpishi vikawa juu ya wazazi. Siku moja niliyekaa naye dawati moja alikuja bila kuni. Akaambiwa asubiri wenye kuni wamalize kula. Kesho yake hakuja shule. Na sufuria siku hiyo ilikuwa imejaa, mimi mwenyewe niliiona.

5/ 2003: karo ya msingi ikafutwa, na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka darasani. Karo ilienda, njaa ikabaki. 2009 serikali ikaanza mpango wake: shule zitumiwe pesa, zinunue chakula kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu. 2018 WFP ikakabidhi shule zilizobaki. Wazo zuri kabisa. Lakini pesa ikichelewa kufika, muhula unaanza na jiko ni baridi.

6/ 2023: Nairobi ikaanza Dishi na Kaunti. Sahani ni bob 5, mzazi analipa kwa simu, mtoto anagusisha bangili ya mkononi na kupakuliwa. Hiyo ni hatua kubwa. Ila piga hesabu ya mama wa watoto watatu: bob 75 kwa wiki. Kwa mwenye mshahara si kitu. Kwa anayefua nguo za watu, na wiki hii hajaitwa popote, hiyo ni unga.

7/ Kwa hivyo ukisikia ahadi, kabla hujapiga makofi uliza:
– Kuni, maji na mpishi ni juu ya nani?
– Pesa itafika kabla shule zifunguliwe?
– Mtoto asiye na bob 5 leo atakula, ama atatazama wenzake?

8/ Msimamo wangu: jina likiwa kwenye rejista ya darasa, hilo litoshe. Mtoto asidaiwe kitu kingine mlangoni pa jikoni.

Mwenzangu wa Mwingi alizuiwa na kuni. Shuleni kwenu mtoto anazuiwa na nini? Niambieni hapa chini.