Ng'ambo ya Darajani

Darajani hakuna daraja. Ukishuka leo kwenye soko lile la mwaka 1904 mjini Unguja, utaona samaki, viungo na msongamano wa watu, lakini maji ya kuvukwa huyaoni. Limebaki jina. Hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kupwa kila siku, huku nyumba za mawe za Mji Mkongwe, kule vibanda vya fito, udongo na makuti. Kule kukaitwa Ng'ambo. Ni wazi jina hilo lilitungwa na watu wa mjini, kwa maana wa Ng'ambo wenyewe walikuwa kwao tu.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakaachiwa mwaka 1909. Wengi waliotoka mashambani wakiwa huru walivuka mpaka huko, wakajenga kwenye viwanja vya watu. Mwaka 1911 akaja mwanamke kutoka Fumba, mtoto wa watumwa, ambaye alipozaliwa aliitwa jina hilohilo: Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijitwika vyungu kichwani akavitembeza, akivinadi kwa sauti ambayo wenye kununua waliitambua kabla hajatokeza. Sisi tunamjua kwa jina alilopewa baadaye, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu.

Taarabu wakati huo ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza muziki, na ilipoundwa klabu ya Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905, nyimbo bado zilikuwa za Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakujua kinachoimbwa. Siti alifundishwa na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa klabu hiyo, kisha akaja kukaa na wenzake akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Shaaban Umbaye, wakaimba kwa Kiswahili.

Mwaka 1928 walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Santuri za siku hizo zilikuwa nyeusi, nzito, na zikidondoka zinavunjika kama kigae. Unaitia gramafoni ufunguo, unateremsha sindano, na baada ya dakika kama 3 upande umekwisha. Fikiria basi kazi waliyokuwa nayo: wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha, watu wakitunza na kurudishia, ilibidi ukatwe utoshe humo.

Lakini Siti na wenzake husifiwa mno kwa safari hiyo, na mimi naona kubwa zaidi ni kile walichokibeba. Chukua wimbo wa Kijiti. Unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyevuka kutoka Bara: muuaji, Kijiti mwenyewe, akatorokea Bara, na waliotiwa hatiani ni wanawake waliokuwa na marehemu. Hayo yalikuwa mazungumzo ya barazani Ng'ambo, hasira ya watu walioiona mahakama ikifanya kazi wakashindwa kuielewa. Hapakuwa na gazeti la kuwaandikia. Wimbo ukawaandikia.

Na wala Ng'ambo haikuwa ikiimba tu. Mwaka huohuo wa 1928 wakazi waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Sauti iliyokuwa Bombay na sauti iliyokuwa mitaani zilitoka kwenye vichochoro vilevile.

Santuri zilirudi na meli. Zikapigwa mikahawani, zikafika Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na bara ndani, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuikanyaga Unguja. Sindano ikiteremka, baada ya mkwaruzo mfupi, wakasikia udi, fidla, kisha sauti ya muuza vyungu wa Fumba ikiwasimulia kwa Kiswahili nani aliuawa, nani alitoroka, na nani alifungwa.