Tuwafundishe watoto kupima habari

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe. Watu wakakimbilia Sake, Bukavu na Rwanda. Simu zilijaa uvumi: mwingine ulitisha bure, mwingine ulituliza bure. Watoto wetu waliusikia wote, nasi hatukuwa tumewafundisha kuupima.

Baadhi yetu hudhani mtoto anayeuliza "Nani amesema?" hana heshima. Neno la Mungu halisemi hivyo. Katika Matendo 17:11, watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuchunguza hata mafundisho ya mtume Paulo. Katika 1 Wathesalonike 5:21 tunaagizwa kupima mambo yote.

Nyumbani na katika shule ya Jumapili, tuwazoeze maswali matatu:

1. Nani amesema, na je, aliona mwenyewe?
2. Nani mwenye kulijua jambo hili? Kuhusu volkano, tusikilize kituo cha uchunguzi cha Goma, OVG.
3. Nikiipeleka habari hii mbele na ikawa ya uongo, nani ataumia? Kutoka 20:16 inakataza ushahidi wa uongo.

Mtoto akituuliza tusilolijua, tuseme: "Sijui, tutafute pamoja." Tukimdanganya ili anyamaze, hatatuamini siku ile tutakapomwambia: "Kimbia!"