Mwezi wa Usandawe na hesabu ya siku za kushika mimba

Haya ni kwenu dada zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaoulizwa "bado tu?" kabla hata hina haijafutika.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo matatu. Mwezi ni ule wa mbinguni, mwezi ni siku 29 au 30, na mwenye hedhi tunasema yumo mwezini. Waliofikiri hivyo si sisi wa pwani peke yetu. Huko bara, mkoani Dodoma, upande wa Kondoa na Chemba, wanaishi Wasandawe, watu ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Mwaka 1969 mtafiti Eric ten Raa aliandika kwamba kwao mwezi ni alama ya uhai na uzazi. Jua ni kali, linaunguza. Mwezi ni baridi, unakuja na heri. Anayeijua Dodoma, yenye msimu mmoja tu wa mvua, haoni ajabu. Walikuwa na ngoma ya uzazi iitwayo phek'umo, ikichezwa usiku wa mbalamwezi, wanawake wakiinua mikono mfano wa pembe.

Sisi Waislamu hatuuombi mwezi watoto, mtoaji ni Allah. Lakini kwamba mwanamke ana majira yake, hilo waliliona sawasawa.

Tatizo ni kuufuata mwezi wenyewe. Mwezi wa mbinguni huzunguka kwa siku 29 na nusu, na wanawake hatuendi hivyo. Mwenye mzunguko wa siku 26, baada ya mizunguko sita tu keshaachana na mwezi kwa siku 21. Mafaqihi walilijua hili zamani, ndiyo maana wakazungumzia ada ya kila mwanamke, yaani siku zake alizozizoea yeye, si za shoga yake. Na sisi wa madhehebu ya Shafi, aliyeachwa huhesabu eda kwa twahara tatu. Kuhesabu kwetu si jambo geni.

Kilichokosekana ni kujua yai linatoka lini. Jibu lilitoka Japani mwaka 1924, kwa daktari Kyusaku Ogino wa mji wa Niigata. Yeye alisema usihesabu kwenda mbele, hesabu kurudi nyuma: yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayokuja. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 26 yai lake hutoka kati ya siku ya 11 na ya 15, na mwenye siku 34 ni kati ya 19 na 23. Ile "siku ya 14" tunayoambiwa sote ingempotezea huyu wa pili miezi chungu nzima, huku wifi zake wakimwita tasa. Baadaye hesabu hiyo ikapata umaarufu zaidi kwa kuzuia mimba, jambo ambalo Ogino mwenyewe hakulipenda.

Mwaka 1995 utafiti wa wanawake 221 Marekani ulionyesha kwamba siku za kushika mimba ni sita, na ya mwisho ndiyo siku yai linapotoka. Ukisubiri mpaka lipite, umechelewa.

Daftari la hedhi wengi wetu tunalo tayari, kwa ajili ya sala na kulipa saumu. Andika siku ya kwanza ya damu, miezi sita mfululizo. Ambaye mizunguko yake haitulii asitegemee hesabu pekee, aangalie na ute: ukiwa mwepesi, unaovutika kama ute wa yai bichi, siku zimewadia.

Mwaka ukipita bila mimba, au miezi sita kwa aliyefika miaka 35, nendeni hospitali wawili. Nasema wawili, kwa sababu tatizo mara nyingi huwa upande wa mume, na kipimo cha manii ni chepesi kuliko vingi atakavyofanyiwa mke.