Kiwanda cha Urafiki na Swali la Nguo Yetu

Kwa miaka mingi nchi ya Tanganyika ililima pamba bila ya kuvaa nguo ya pamba yake. Wakulima wa Usukuma walipanda, wakapalilia, wakachuma. Vinu vikatenga nyuzi na mbegu. Marobota yakapakiwa melini kwenda ng'ambo. Baadaye pamba ile ile ilirudi ikiwa jora la kitambaa, na mkulima akainunua kwa bei asiyokuwa na sauti katika kuipanga.

Wala tusidhani ya kuwa hali hiyo ilitokana na kutojua kazi ya ufumaji. Katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wamefukua vigurudumu vya vigae vilivyotumiwa zamani kusokotea nyuzi, na Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika habari za nguo zilizofumwa huko na kupelekwa mpaka Misri. Lakini katika karne ya 19 nguo za viwandani, nyingi na rahisi, zilifurika pwani. Kitambaa kilichotoka Marekani kwa merikebu za Salem kilipendwa hata kikaitwa merikani, na jina hilo likabaki katika lugha yetu baada ya merikebu zenyewe kutoweka. Mfumaji wa mkono hakuweza kushindana, akaacha kitanda chake cha mfumi.

Basi uhuru ulipopatikana mwaka 1961, swali la nguo lilikuwa ni swali la uhuru wenyewe. Mwezi wa Februari 1965 Rais Nyerere alikwenda Peking, na huko ukatiwa sahihi mkataba wa urafiki baina ya Tanzania na China. Miongoni mwa matunda yake ni kiwanda kilichojengwa Ubungo, kando ya barabara ya Morogoro, kwa mkopo usio na riba. Kilifunguliwa mwaka 1968, nacho kikapewa jina la Urafiki. Humo pamba iliingia upande mmoja ikiwa robota, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi na kupigwa chapa, ikatoka upande wa pili ikiwa khanga au kitenge. Kilikuwa na spindeli za kusokotea nyuzi zipatazo 40,000, na mitambo ya kufumia karibu elfu moja.

Yafaa tuangalie namna mitambo hiyo ilivyochaguliwa. Katika miaka hiyo hiyo kiwanda kingine kikubwa, Mwatex, kilijengwa Mwanza kwa msaada wa wataalamu wa Kifaransa. Mitambo ya Mwanza ilikuwa ya kisasa zaidi, ikihitaji mikono michache. Ile ya Ubungo ilihitaji mikono mingi, na kwa hiyo iliajiri maelfu. Wataalamu wa uchumi walibishana sana juu ya jambo hili. Wengine walisema kiwanda hupimwa kwa wingi wa nguo zinazotoka kwa kila mfanyakazi. Wengine walisema nchi maskini wa fedha na tajiri wa watu haina budi kutumia kile ilicho nacho. Nionavyo mimi, hao wa pili walikuwa na haki. Kijana aliyetoka shambani na kujifunza kuunga uzi uliokatika alipata mshahara, tena alipata ufundi ambao nchi haikuwa nao kwa wingi.

Kadhalika kiwanda hakikutoa nguo peke yake. Mwaka 1970 kiliunda bendi yake, Urafiki Jazz, iliyoongozwa na Juma Mrisho, maarufu kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba, na nyimbo zake zikaenea nchi nzima. Mtaa uliokizunguka ukachukua jina lake.

Lakini neema haikudumu. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 fedha za kigeni zilikuwa haba, vipuri na dawa za rangi vikakosekana, umeme ukawa wa mashaka. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1980, nguo za ng'ambo na mitumba zikaingia kwa wingi, zikiuzwa kwa bei ambayo kiwanda chenye mitambo iliyochoka hakikuweza kuifikia. Mwaka 1997 kilifanywa kampuni ya ubia, Wachina wakiwa na hisa 51 katika mia na Serikali ya Tanzania 49; lakini sifa ya zamani haikurudi.

Wako wanaosema ya kuwa habari hii yathibitisha kwamba nchi yetu haifai kushika viwanda vya nguo. Hoja hiyo naiona ni dhaifu. Watu walijifunza kazi na wakaifanya, na nguo zao zilivaliwa. Lililokosekana ni ulinzi wa soko, umeme wa hakika, na akiba ya kubadili mitambo kabla haijachakaa. Mambo hayo yote yako nje ya uwezo wa mfumaji, bali yamo ndani ya uwezo wa wanaotawala.

Hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa kabla ya kuwa uzi. Maadamu hali ni hiyo, faida ya kusokota na kufuma itakwenda kwa wengine, na swali lililojibiwa Ubungo mwaka 1968 litangojea kujibiwa tena.